Chupa ya Reuben

Oldham, 17 Januari 1869

Dada yangu mpendwa Hester,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na shemeji Ambrose, na kwamba baridi ya mabwawa ya kwetu haijawagandisha. Sisi hatujambo. Jabez bado ana kile kikohozi cha vumbi la pamba, nimekizoea mpaka kikinyamaza naamka kumwangalia kama anapumua. Reuben hajambo kabisa. Ananyonya kama mdai, na akilia mtaa mzima unajua.

Dada, nakuandikia nina haja. Msimamizi amesema nisiporudi kiwandani wiki ijayo mashine zangu atapewa mtu mwingine. Kwa hiyo Reuben itabidi nimwache kwa mlezi. Nimempata mjane mmoja, Bi Nuttall, yuko karibu, nyumba yake ni safi, na ana watoto watano anaowalea. Tatizo lake ni moja tu: mtoto asiyekuja na chupa yake ya kitulizo, dawa ya kumlaza, hampokei. "Mimi nina mikono miwili," ananiambia, "na masikio mawili, na yote nayataka hadi uzeeni."

Humpokei mtoto bila chupa, nikamwambia, mbona huyu wa Bridie unaye? Bridie Kilcoyne ni jirani yangu, Mwailandi, mashine yake iko ubavuni mwa yangu. Ana kitoto cha kike, Norah, hakijafikisha mwaka, hajawahi kukipa dawa yoyote. Bi Nuttall akanijibu kwamba Norah halii. Na ni kweli, dada, yule mtoto anakaa pale akichezea vidole vyake, mpole kuliko paka.

Sasa, vitulizo vya hapa siviamini. Kila mtu anapika chake. Muuza dawa anacho, muuza mishumaa anacho, hata yule anayeuza utumbo wa ng'ombe pale kona anacho, na vyote vina jina moja. Ndiyo maana nataka cha nyumbani. Mimi na wewe tumekulia hicho hicho na tumekuwa wanawake wazima, wewe mzima kupita kiasi. Nitumie chupa, tafadhali, moja kubwa.

Mdogo wako,
Thirza


Spalding, 20 Januari 1869

Mdogo wangu Thirza,

Salamu zako zimefika na matusi yako yamefika pia. Unene wangu ni tangazo la duka, watu wakiniona wanajua dawa zetu zinafanya kazi. Hatujambo. Ambrose anakusalimu, miguu inamuuma lakini mdomo hauumwi.

Chupa ndiyo hiyo, nimeifunga kwenye majani makavu na soksi mbili za sufu. Soksi ni za Reuben, usimpe mtu. Mpe Bi Nuttall maagizo haya: kijiko kimoja cha chai asubuhi baada ya kunyonya, basi. Ambrose ameipika mwenyewe jana, molasi, tangawizi kidogo, na afyuni kama kawaida yake. Nilisimama pale nikamwambia, hii ni ya mwanetu, usiniharibie. Akaniambia nitoke jikoni kwake.

Huku tuna kichekesho. Sheria mpya imeanza mwaka huu, kila kitu chenye afyuni lazima kibandikwe neno SUMU. Nimebandika mpaka vidole vimeshikana. Siku ya soko mzee Pocklington kaja kuchukua vidonge vyake vya homa ya mabwawa, kaligeuza boksi, kalisoma, kanitazama. "Mama Gathercole, leo umeniuzia sumu?" Nikamwambia ndiyo, mzee, serikali imesema. "Basi niongezee," akasema, "maana ya miaka hamsini iliyopita haikuniua." Duka zima likacheka. Kitulizo hakibandikwi, kina stempu ya serikali, sheria inakiruka. Kwa hiyo usishtuke ukiona chupa yako haina hilo neno. Ina picha ya malaika tu.

Thirza, sina wangu, unajua. Reuben ndiye mtoto wa nyumba hii. Niandikie kila kitu, hata akipiga chafya.

Mama mkubwa wa Reuben,
Hester


Oldham, 14 Februari 1869

Dada Hester mpendwa,

Pokea salamu za mtu anayeandika akiwa amesimama, maana nikikaa nitalala. Natumaini nyote ni wazima. Jabez kikohozi chake kimeshuka kifuani. Mimi miguu tu, na masikio yanapiga kelele za mashine hata kanisani.

Soksi zinamfaa. Chupa imefika nzima, na Bi Nuttall aliipokea kwa heshima zote kwa sababu ya yule malaika. Lakini dada, usimwambie shemeji, au mwambie kwa upole: Bi Nuttall anasema dawa yake ni hafifu. "Hii ni maji ya molasi," ameniambia. "Dada yako ameolewa na ukoo wa wapishi wa uji." Kijiko kimoja Reuben hakimtulizi hata kidogo, analia kama kawaida. Basi sasa anampa vitatu, wakati mwingine vinne, na hapo ndipo anapumzika kidogo.

Nimemwambia aendelee hivyo, maana yeye ana uzoefu. Reuben hana neno. Anacheka akiniona jioni, na anazishika nywele zangu kama anapanda ngazi.

Bridie anakusalimu ingawa hamjuani. Anasema nikuulize kama ni kweli kwetu watu wanatembea juu ya maji kwa vijiti virefu. Nimemwambia ni kweli na kwamba wewe ulivunja vitatu.

Mdogo wako,
Thirza


Spalding, 17 Februari 1869

Thirza mdogo wangu,

Nashukuru kusikia mu wazima. Mfunike Jabez kifua kwa flana na mafuta ya bata bukini, na asibishane.

Nilimwambia Ambrose kwa upole, kama ulivyotaka, na hakula chakula cha jioni. Hafifu! Hakuna mtu Spalding hii aliyewahi kumwambia dawa yake ni hafifu. Wanaolalamika ni wale waliolala hadi wakapitwa na soko. Alitaka kumwandikia Bi Nuttall mwenyewe, nikamnyang'anya kalamu.

Lakini sasa hasira zimepoa na limebaki jambo lingine, nalo halinitoki rohoni. Dawa hii naijua. Kijiko kimoja cha chungu kile kile nampa mtoto wa mke wa mwokaji hapa jirani, naye analala mpaka mchana. Mtoto wetu anakunywa vinne na bado analia. Nimejaribu kujiambia kwamba Reuben ana nguvu za baba yake. Haikunitosha. Dawa ile ile haiwezi kuwa chai huku na maji huko.

Niambie anaipimaje. Kijiko chake kikoje, chupa anaiweka wapi, kuna mtu anayeichota akaongeza maji? Usinicheke, niandikie upesi. Nina wasiwasi na sijui nina wasiwasi wa nini.

Mama mkubwa,
Hester


Spalding, 2 Machi 1869

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi tupo. Sijapata neno lako, na tarishi sasa akiniona dirishani anatikisa kichwa kabla hajafika. Najua kiwanda hakikupi nafasi, lakini mistari miwili, Thirza, hata kwenye karatasi ya kufungia sabuni.

Naulizia yale yale. Chupa, kijiko, na jinsi anavyomimina. Na Reuben. Zaidi ya yote Reuben.

Wako anayesubiri,
Dada Hester


Oldham, 7 Machi 1869

Dada yangu,

Nisamehe. Jabez alilala wiki mbili na homa ya kifua, sasa anakaa kitini na kunung'unika, ndiyo dalili ya kupona. Mafuta ya bata yamesaidia, au yamemchukiza mpaka akaamua kupona. Natumaini nyinyi ni wazima.

Sasa nikujibu, maana umenijia na maswali kama hakimu. Hakuna anayeongeza maji. Kijiko ni cha chai, cha kawaida. Chupa ya Reuben inakaa juu kabisa ya rafu, na Bi Nuttall hataki mtu aiguse wala kuisogeza. Dawa nzuri, anasema, ni kama bia nzuri, matope yake lazima yaachwe chini yatulie. Anaiinamisha polepole kabisa akachukua ya juu iliyo safi. Hapo umeridhika? Kuna watu hawawaangalii waume zao kwa uangalifu ule.

Na mwambie shemeji afurahi, maana sifa zimerudi. Tangu wiki iliyopita dawa imekolea. Bi Nuttall amerudi kwenye vijiko viwili na Reuben analala mchana kutwa. Kwa kweli analala hata nikienda kumchukua. Jana ilinichukua muda kumwamsha anyonye, nikampapasa nyayo, nikamwita, akafungua macho kidogo, akayafunga. Midomo ilikuwa imepauka. Bridie alisimama mlangoni akasema, "Thirza, huo si usingizi wa mtoto." Nikamkasirikia kidogo, maana yeye halali usiku siku hizi, Norah ameanza kuota meno na upole wake wote umekwisha, anapiga kelele kupita wa kwangu. Nikaona labda ni wivu. Lakini maneno yake yamenikaa, ndiyo maana nakuandikia leo Jumapili badala ya kulala.

Chupa inakaribia kuisha. Imebaki chini tu, nene kama lami. Tuma nyingine ukiweza.

Mdogo wako,
Thirza


TELEGRAMU
Kutoka Spalding, 9 Machi 1869
Kwa Thirza Ogden, Oldham

USIMPE REUBEN DAWA TENA HATA TONE. BARUA INAKUJA. HESTER


Spalding, 9 Machi 1869

Thirza,

Leo sikusalimu, utanisamehe. Nimetoka stesheni kupeleka telegramu, sijavua hata kofia. Mungu akipenda itakuwa imekufikia kabla ya hii.

Ile chupa lazima itikiswe. Kila unapoitoa rafuni, kabla ya kila kijiko, unaitikisa kwa nguvu. Afyuni haikai juu, Thirza, inashuka. Ikiachwa imetulia, juu inabaki molasi na tangawizi, na chini inakusanyika ile yenyewe. Mwezi wote ule mtoto alikuwa anakunywa maji matamu, na wiki hii ndiyo anaanza kunywa dawa. Na iliyobaki chini, ile unayosema nene kama lami, ndiyo chupa yote.

Sikukuandikia utikise. Nimekaa hapa najiuliza kwa nini, na jibu ni kwamba haikunijia akilini kabisa. Wewe mwenyewe umemwona Mama akifanya. Huku hakuna mtu anayemimina bila kutikisa, watoto wanatikisa, walevi wanatikisa, tunatikisa huku tunasengenya na wala hatujui kama mkono unafanya kazi. Nikuandikie utikise chupa? Ningekuandikia pia ufungue mdomo unapokula. Sikufikiri kuna mwanamke duniani anayeiacha itulie kama bia.

Nilimsomea Ambrose barua yako pale kaunta. Alikuwa anapima chumvi. Nilipofika kwenye rafu na matope aliweka mzani chini, akaniuliza, "Imebaki kiasi gani?" Nikamsomea hapo mwisho. Akakaa juu ya gunia. Amesema iliyobaki pale chini ingemlaza farasi wa mkokoteni. Sijawahi kumwona mume wangu amekuwa mweupe vile.

Mwaga hiyo chupa. Imwage mwenyewe, kwa mkono wako, mferejini, uisuuze, uivunje. Nilitaka kuyasema haya yote kwenye telegramu, lakini karani aliniambia nifupishe, watu wako nyuma yako mama, na mimi akili ilikuwa kwa Reuben peke yake.

Mtoto usimwache alale sana. Mwamshe, mtembeze, mpe kahawa kidogo kwa kijiko, Ambrose ndivyo alivyosema. Atalia siku kadhaa akiikosa dawa. Mwache alie. Usikose kuniandikia leo hii hii.

Dada yako,
Hester


Spalding, 15 Machi 1869

Mdogo wangu Thirza,

Salamu. Nimeandika salamu nikakaa nikaitazama, maana sijui namsalimu mtu wa hali gani.

Hujajibu. Naelewa kama mtoto anaumwa huna mkono wa kushika kalamu. Naelewa pia kama hutaki kuniandikia kamwe. Jabez je? Anajua kuandika. Hata Bridie wako, mwambie aandike.

Nimegombana na Ambrose. Siku mbili za kwanza alikuwa ananyenyekea kama kondoo, sasa amepata ulimi. Anasema dawa ni nzuri, aliyeimimina ndiye mbaya, na hakuna fundi anayelaumiwa kwa nyundo iliyomwangukia mtu. Nilimwambia aandike TIKISA pale chini ya malaika. Akasema wateja wataona kichekesho, watadhani tunawadharau. Jana ameuza chupa tano. Nilizihesabu zikitoka mlangoni, na nikamkimbilia kila mama nje na kofia mkononi nikimwambia, tikisa, tikisa. Wamenicheka. Mmoja alimwambia mwenzake kwamba Mama Gathercole sasa ameanza kuila bidhaa yake.

Ninasikia kilio cha mtoto wa mwokaji ukutani na ninaacha kazi kusikiliza. Kama ni habari mbaya, iandike. Nitaibeba. Kisichobebeka ni huyu tarishi anayetikisa kichwa.

Mama mkubwa wa Reuben, kama bado nina ruhusa ya kujiita hivyo,
Hester


Oldham, 21 Machi 1869

Dada yangu Hester,

Reuben yuko hai. Nimeianza hivyo ili usome mengine ukiwa umekaa. Yuko hai, ananyonya, amelia mfululizo mpaka sauti imekauka, anatetemeka na kupiga chafya, lakini macho yamerudi kuwa macho. Jana amezishika nywele zangu. Jabez naye anatembea. Natumaini wewe na shemeji hamjambo.

Telegramu yako ililetwa kiwandani mchana. Msimamizi alinisomea kwa sauti, mashine zinapiga kelele, nikasoma mdomo wake. Nikaacha kazi pale pale nikakimbia na aproni. Nilimkuta Bi Nuttall ameshamkalisha Reuben magotini na kijiko kimejaa mkononi. Nilimpokonya mtoto. Nilimwambia, "Usimpe tena, hata tone, dada yangu amesema," na nikatoka naye, nikamtembeza barabarani juu na chini, namwita jina, namfinya masikio. Sikuitazama chupa, Hester. Ilikuwa mezani pale. Nilimtazama mtoto wangu tu.

Barua yako yenye neno "mwaga" ilikuja kesho yake.

Bi Nuttall si mtu mbaya. Alikuwa na dawa nzuri ya malaika, imelipiwa, mwenye nayo hataki tena mwanawe apewe, na alikuwa na Norah anayepiga kelele za meno tangu asubuhi. Akaona ni wema. Aliikwangua hata ile ya chini kabisa kwa kijiko. Norah alikuwa hajawahi kuonja dawa tangu azaliwe. Bridie alipokwenda kumchukua jioni alimkuta amelala vizuri sana, akamshukuru Bi Nuttall, akambeba hadi nyumbani polepole asije akamwamsha.

Daktari aliandika degedege la meno. Hakuuliza kitu, watoto wa mtaa huu wote wanakufa kwa meno. Tumemzika Jumatano. Mimi nilibeba upande mmoja wa kisanduku kile, ndiyo maana sikukuandikia. Kila nilipokaa niandike "Reuben yuko hai" mkono ulikataa.

Sijamwambia Bridie. Jabez anasema nisimwambie, haitamrudisha mtoto. Bi Nuttall hajui, na nikimwona anavyolia sina nguvu ya kumjulisha. Basi tunaojua ni sisi, dada, mimi na wewe na waume zetu.

Lakini kuna jambo la leo. Bridie yuko hapa. Amekuja nikiwa naandika, amekaa mbele yangu na shali kichwani, amempakata Reuben ili nipate nafasi. Anasema Bi Nuttall alimwambia kwamba mwanawe alipewa dawa ya dada yangu siku ile, na kwamba ndiyo iliyomfanya aende bila maumivu, usingizini, hata hakulia. Ameniomba nikushukuru. Anataka jina lako lote ili akuombee kanisani kwao. Na anaomba umtumie chupa kama ile kwa ajili ya mwanawe mkubwa, Colman, maana tangu dada yake afe hapati usingizi.

Hajui kusoma. Anaitazama kalamu inavyokwenda na anatabasamu kidogo, anadhani naandika maombi yake. Sasa hivi ameniuliza, "Umeshamwambia?" Nimemwambia ndiyo.

Mdogo wako,
Thirza